Mbele laini, nyuma gumu: uzoefu wangu wa matairi ya baiskeli ya mbio

Baiskeli yangu ya mbio nimeivalisha seti tatu za matairi kwa miaka minne. Niliyonayo sasa siwezi kuiita seti, maana tairi la mbele na la nyuma ni ya aina mbili tofauti kabisa. Nimeshaendesha hivi zaidi ya kilomita 5,000 na sifikirii kurudi nilikotoka. Nina kilo 78, naendesha siku nne kwa wiki, njia yangu kubwa ni lami: sehemu nzuri, sehemu zilizochimbika na kuzibwa viraka, na mwishoni kipande cha kokoto zilizoshindiliwa. Nayataja haya mapema kwa sababu sifa za tairi bila uzito wa mwendeshaji na hali ya njia hazimsaidii mnunuzi.

Seti ya kwanza ilikuja na baiskeli. Upana milimita 23, waya ndani ya ukingo (sehemu ya tairi inayokaa kwenye ringi), mpira wa kawaida. Ubavuni pameandikwa kuwa upepo usizidi psi 120 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), nami nikawa najaza 120 kila nikitoka. Niliamini tairi ukiligonga likatoa mlio kama ngoma ndipo linakwenda kasi. Baada ya saa mbili barabarani vidole vilikuwa vinakufa ganzi, na shingo inauma mpaka kesho yake.

Ilinichukua muda kuelewa kinachotokea. Tairi lililojazwa kupita kiasi halimezi kijiwe, linaruka juu yake, na likiruka linakubeba wewe na baiskeli nzima. Nguvu uliyotia kwenye pedali ndiyo inayotumika kukurusha hivyo. Mwili unatafsiri mtetemo ule kuwa ni kasi, kumbe ni hasara. Upana nao una lake. Ukiweka upepo uleule kwenye tairi jembamba na pana, eneo linalogusa lami linalingana kwa ukubwa, ila la tairi pana linakuwa fupi na la tairi jembamba linakuwa refu. Lile refu linalazimisha mpira, na nyuzi zilizofumwa ndani yake, kukunjika zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kila kukunjika kunageuza nguvu yako kuwa joto. Ndiyo maana nilipohamia milimita 28, nikapunguza na upepo, nikiserereka mteremko wangu wa kila siku bila kupiga pedali sikuona nimepungua kasi. Kwenye kipande chenye viraka niliona nimeongezeka.

Seti hiyo ya kwanza ilikwisha kwenye kilomita 2,100. Tairi la nyuma lilikuwa bapa katikati, nyuzi zinachungulia. La mbele lilikuwa bado zima, lakini nililitupa pamoja na mwenzake kwa sababu nilidhani matairi hununuliwa jozi. Hapo nilipoteza pesa, na kosa hilo nimewaona watu wengi wakilirudia.

Kwa kuchoshwa na pancha, mara ya pili nilinunua matairi ya kivita: milimita 25, mpira mgumu, tabaka nene la kinga chini yake, mbavu zimeimarishwa. Kwa uimara sina neno. Kilomita 6,400, pancha mbili tu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya msumari ambao usingezuiliwa na tairi lolote. Lakini kinga ile ina gharama isiyoandikwa kwenye karatasi ya bei. Tabaka nene halikunjiki kirahisi, kwa hiyo hata ukipunguza upepo tairi linabaki kama ubao. Na mpira mgumu haushiki vizuri lami iliyolowa. Siku moja ya mvua nilikata kona taratibu, tairi la mbele likapita juu ya mstari mweupe wa barabara, na kabla sijajua nimefanya nini nilikuwa chini. Nyonga ilichubuka wiki mbili. Tangu siku hiyo sina imani na mpira mgumu mbele, hata ukiwa wa bei ya kutupa.

Seti ya tatu ilikuwa Continental Grand Prix 5000, milimita 28. Ni tairi lililotoka mwaka 2018, na limeundwa kwa tabaka tatu za nyuzi, kila tabaka nyuzi 110 kwa inchi, ndiyo maana utaona pameandikwa 330. Chini ya mpira kuna ukanda wa Vectran, nyuzi imara za kiwandani, wa kuzuia miiba na vigae. Kila tairi lilinigharimu mara mbili ya lile gumu. Siku ya kwanza nilisimama njiani kukagua kama nimepata pancha, kwa sababu mtetemo niliouzoea mikononi haukuwepo. Kwenye lami iliyolowa lilishika vizuri, nikaanza tena kukata kona bila kukaza mabega.

Nashauri kitu kimoja kuhusu hizo namba za nyuzi: usilinganishe kampuni moja na nyingine kwa namba peke yake. Wengine hujumlisha tabaka zote, wengine huhesabu moja. Afadhali ulishike tairi lisilofungwa na kuliminya ubavuni kwa vidole. Likikunjika kama kitambaa, litakuwa laini barabarani. Likirudi kwa nguvu kama bomba la maji, ujue litakutetemesha.

Kwenye mpira wa Grand Prix 5000 kuna vitundu viwili vidogo vya kuonyesha ulaji. Vikifutika, tairi limekwisha. Kwenye kilomita 4,000 vya nyuma vilikuwa vinakaribia kufutika, na kwa tairi la mbio huo ni umri mzuri. Vya mbele vilikuwa bado na kina. Niliyatoa yote mawili nikayalaza sakafuni ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikitazama kwa miaka bila kukiona.

Magurudumu mawili hayafanyi kazi moja. La nyuma linabeba kama asilimia 60 ya uzito, na ndilo linalosukuma baiskeli, kwa hiyo linalika haraka, na pancha zangu nyingi zimetokea huko. La mbele linaongoza, linabeba breki unapozikaza, na ndilo linalopeleka kila shimo kwenye viganja vyako. La nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kuliokoa. La mbele likiteleza, unaanguka. Starehe na mshiko vinahitajika zaidi mbele, uimara na bei nafuu vinahitajika zaidi nyuma. Sasa kwa nini ninunue tairi moja linalojaribu kufanya yote, halafu ninunue mawili?

Kwa hiyo Grand Prix 5000 ya mbele niliirudisha mahali pake, na nyuma nikafunga tairi gumu la milimita 28, lenye kinga, la nusu bei. Mbele naweka psi 62, nyuma 75. Kwa kilomita hizi 5,000 nimepata pancha moja, ya nyuma. Sehemu ya kukaa naihisi ngumu kidogo kuliko nilipokuwa na laini mawili, lakini mikono haifi ganzi, na kona za mvua hazinitishi.

Hesabu nayo imenifurahisha. Tairi la mbele sasa limetimiza kilomita 9,000 na vitundu bado vinaonekana kwa mbali. La nyuma nalitarajia lifike 6,000 kama ndugu yake wa zamani. Nikipiga gharama ya mpira kwa kilomita, mchanganyiko huu unanigharimu kama nusu ya ningelipa kwa laini mawili. Ukilinganisha na magumu mawili, umezidi. Hiyo ziada nailipa kwa moyo mweupe, nikikumbuka nyonga ile.

Kabla hujanunua, soma namba ndogo ubavuni mwa tairi ulilonalo. Ya kwangu inasomeka 28-622: 28 ni upana, 622 ni kipenyo cha ringi mahali ukingo unapokaa, vyote kwa milimita. Hiyo 622 lazima ilingane, haina mjadala. Upana ndio wa kupimia nafasi. Fremu na breki za zamani nyingi hazipitishi 28, na ringi pana hulitanua tairi likazidi kilichoandikwa, kwa hiyo acha nafasi ya milimita kadhaa kila upande. Wenye ringi zisizo na ndoano ukingoni (mkunjo wa ndani unaoshikilia tairi) wawe waangalifu zaidi: upepo usizidi bar 5, yaani kama psi 72, na tairi liwe ni lile lililoruhusiwa kwa ringi hizo.

Kashata, yaani michoro iliyochongwa juu ya mpira, zisikusumbue. Kwenye lami tairi jembamba la baiskeli hukata maji lenyewe, kipara kilichotengenezwa kiwandani kinashika sawasawa. Ukingo wa kukunjika badala ya waya unapunguza gramu kadhaa na kurahisisha kubeba la akiba, basi. Tyubu za lateksi nilizijaribu mbele, ni laini kweli, lakini zinavuja upepo mpaka unalazimika kupiga pampu kila asubuhi, nikarudi kwenye za kawaida.

Kinachoongeza umri wa tairi kuliko yote ni kulipangusa ukirudi na kulizungusha taratibu chini ya mwanga. Kigae kidogo hakitoboi siku hiyohiyo. Kinajichimbia, kinasukumwa ndani kila mzunguko, na wiki ijayo kinafika kwenye tyubu. Mimi hukichokoa kwa ncha ya sindano. Jana nimetoa kimoja nyuma, kimeacha mkato wa kama milimita tatu ambao haujafika kwenye nyuzi, nimeuzungushia alama kwa kalamu ili niufuatilie. Vitundu vya mbele vikifutika nitanunua Grand Prix 5000 nyingine, moja tu, na muuzaji akinitolea jozi nitamrudishia ya pili.