"Bluu si unaiona?" Taa ya UV na fundi aliyeniudhi

Nina hasira. Samaki wamekufa, na mtu aliyepaswa kunisaidia alinikatia simu.

Kwa miezi mingi nilikuwa naisifu taa hii ya UV (mionzi ya urujuanimno, inayoua vijidudu majini) kwa kila mfugaji wa samaki mwenye mfumo wa kuzungusha maji. Vimelea vya madoa meupe vilikuwa havivuki tena kutoka tangi moja kwenda jingine. Bakteria wazuri wa kwenye kichujio cha kibayolojia hawakuguswa, maana wao hung'ang'ania vipande vilivyomo ndani ya kichujio, hawapiti mbele ya taa. Niliridhika kweli.

Halafu sato wakaanza tena kujikuna kwenye kuta za tangi. Nikampigia fundi aliyeniuzia na kunifungia. "Bosi, taa si inawaka? Bluu si unaiona? Basi angalia chakula chako." Akakata.

Bluu! Mionzi inayoua vijidudu ni ya nanomita 254, na jicho la binadamu haliioni. Bluu ile haikwambii chochote kuhusu nguvu iliyobaki. Taa za zebaki za namna hii huchoka zikifika kama saa 9,000, yaani mwaka mmoja hivi zikiwaka usiku na mchana, na bado huendelea kung'aa. Anayeziuza anawezaje kutolijua hilo?

Nikazima umeme (mionzi hiyo huunguza macho) nikafungua mwenyewe. Bomba la kioo cha kwatzi linaloikinga taa lilikuwa na ukoko wa chokaa, juu yake utelezi. Ukoko hutoka kwa siki, si kazi kubwa. Kilichonipandisha zaidi ni kuona kwamba fundi huyohuyo aliifunga taa kabla ya kichujio cha uchafu! Mavi ya samaki na mabaki ya chakula yanapita kwanza kwenye taa, vijidudu vinajificha kwenye kivuli cha uchafu huo. Hata taa mpya ingehangaika hapo.

Nilikusudia kuandika: msinunue. Lakini nimehamisha bomba la maji ili taa ikae baada ya kichujio cha uchafu, nimeweka taa mpya, na vifo vimepungua. Si mara moja, kwa sababu UV haimtibu samaki aliyekwisha kushikwa. Inaua kile kinachoelea majini kikipita. Kwa hiyo nyota nne.

Hapana, tatu. Kifaa chenyewe hakina hata saa ya kuhesabu muda wa taa, na kifuniko kilikata oringi (mpira wa kuzuia maji yasivuje) nilipokifungua. Taa nunueni. Fundi yule simpendekezi kwa mtu yeyote.