Rangi ya kopo iliyochanganywa kwa namba: ilivyofanya kazi kwenye bampa la Vitz yangu

Bampa la nyuma la Toyota Vitz yangu lilichubuka mwezi Aprili nilipokuwa nikirudi nyuma kwenye maegesho hapa Dar es Salaam na kugusa nguzo ya zege. Plastiki haikupasuka wala vishikio havikukatika, lakini eneo la ukubwa wa viganja viwili lilibaki bila rangi, na mkwaruzo mmoja ulikuwa na kina cha kunasa ukucha. Fundi wa gereji alitaka shilingi 120,000 ili alipake bampa zima. Niliamua kuifanya kazi hiyo nyumbani kwa makopo matatu ya kupuliza niliyoyanunua eneo la Gerezani, kwenye duka linalochanganya rangi za magari: praima ya plastiki (tabaka la kwanza linaloisaidia rangi kushika), rangi yenyewe, na vanishi angavu yenye kigumishaji. Pamoja na puti ya plastiki, misasa na tepu ya karatasi, nilitumia shilingi 93,000, kwa hiyo anayetafuta nafuu kubwa ya fedha hataipata hapa.

Sifa ya kwanza ya duka lile ni kwamba halikukubali kuniuzia rangi kwa jina. "Kaka, silva za Toyota ni nyingi, niletee namba," aliniambia muuzaji, nami nikaenda kuisoma kwenye kibati kilichomo ndani ya chumba cha injini: 1F7. Alipima rangi kwa mizani, akajaza kopo la mililita 400, akapuliza kidogo kwenye kadi, kisha tukaitoa kadi nje na kuilinganisha na mlango wa gari juani. Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua sokoni kopo la silva lililokwisha kujazwa kiwandani, na nilipolijaribu kwenye kipande cha plastiki lilikuwa jeusi mno kando ya gari langu. Tofauti ya makopo hayo mawili ilionekana hata kwa jirani aliyekuwa akipita.

Kopo ninalolithamini kuliko yote, hata hivyo, ni praima ya plastiki, ambayo wengi huiruka kwa kuwa haionekani kazi inapokwisha. Mabampa mengi ya kisasa hutengenezwa kwa polipropilini, na ukichungulia upande wa ndani utaona herufi PP zimechapwa kwenye plastiki yenyewe. Plastiki hiyo haishikani na rangi kwa urahisi, ndiyo maana tunaona mitaani mabampa yanayobanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu ilhali rangi ya mlango wa gari hilo hilo ni nzima. Nilifanya jaribio kwenye ukingo wa chini usioonekana: sehemu moja niliipuliza praima kabla ya rangi, nyingine nikaipaka rangi moja kwa moja. Siku iliyofuata nilibandika tepu juu ya sehemu zote mbili na kuivuta. Ile isiyo na praima ilitoka yote na tepu, na ile yenye praima haikuacha hata alama.

Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko upulizaji. Niliosha bampa kwa sabuni ya vyombo mara mbili, kwa sababu mabaki ya polishi husababisha vishimo vya duara kwenye rangi mbichi, kisha nikapiga puti, nikaisugua kwa msasa namba 240, na kumalizia kwa namba 600 pamoja na maji. Ukisugua plastiki tupu kwa nguvu huota nyuzinyuzi kama manyoya, hivyo mkono mwepesi unahitajika.

Lalamiko langu kubwa ni maelezo ya kopo la rangi. Yalitaja dakika za kusubiri kati ya tabaka na tabaka, lakini hayakusema neno juu ya unyevu wa hewa, jambo ambalo kwa mtu wa pwani wakati wa masika ndilo la kwanza kulijua. Nilipuliza jioni baada ya mvua, na silva ikapata ukungu mweupe. Ilinibidi niisugue taratibu na kurudia kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kukausha hewa. Aidha, kopo lilipokaribia kuisha lilianza kutema matone, na tone moja la silva hukaa kama doa jeusi. Ni heri kununua makopo mawili kuliko kulikamua moja hadi mwisho.

Vanishi ni bora sana. Unabonyeza kitufe kilicho chini ya kopo ili kigumishaji kichanganyike, unatikisa kwa dakika mbili, na baada ya hapo kopo nililonunua lilitakiwa litumike ndani ya saa 48. Mng'ao wake haukuhitaji polishi. Hata hivyo, kigumishaji hicho kina isosayaneti, kemikali inayoweza kudhuru mapafu na kusababisha pumu, na kitambaa au barakoa ya vumbi haiizuii. Nilivaa barakoa yenye vichujio vya kaboni, nikapuliza uani, watoto wakiwa kwa bibi yao. Muuzaji hakunionya hata kidogo, na kwa duka lililojali namba ya rangi kiasi kile, ukimya huo ulinisikitisha.

Sasa ni miezi mitano. Bampa limeoshwa kila wiki, limepigwa jua, na hakuna mahali palipobanduka wala kupauka. Ukiinama kando yake utaona mstari hafifu mahali vanishi mpya inapokutana na ya zamani. Ukisimama hatua mbili nyuma huuoni. Kwa mchubuko wa kona moja ningeyanunua tena makopo yale yale. Bampa zima, au gari lenye rangi ya lulu kama 070 ya Toyota ambayo hupakwa kwa tabaka tatu, ningempelekea fundi mwenye kompresa.