Kikao cha wauguzi Shangani: kinafaa, saa zake zirekebishwe

Wauguzi wenzangu wa Mtwara wananiuliza kama kile kikao cha unasihi cha Jumamosi pale Shangani kina faida au ni maneno matupu. Kina faida. Nilianza kwenda baada ya kumzika mwenzetu wa wodi ya wazazi, na bado naenda.

Anayekiongoza ni muuguzi mstaafu, tunamwita Mama. Hana hotuba. Anakuuliza, "Umelala, mwanangu? Umekula?" kisha anakuacha useme au unyamaze. Hamlazimishi mtu kusimulia alichokiona, na hapo nikajua anaijua kazi, maana aliyeumia ukimrudisha kwenye tukio kabla hajawa tayari unaweza kumzidishia.

Msiba wa wodini hauna matanga. Mama anatoka damu, anafariki usiku wa manane. Unamsafisha, unamfunga, unaandika ripoti, na kitanda cha pili kuna mwenzake anasukuma. Asubuhi unakabidhi zamu unaondoka. Nani anakupa pole? Pale nilipewa. Nililia mbele ya watu wazima na hakuna aliyeniambia nijikaze.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba hofu nayo inapewa nafasi yake. Dada mmoja alikuwa amepigwa kofi na ndugu wa mgonjwa mlangoni mwa wodi, akakaa nalo moyoni kwa aibu. Mama akamwambia kwamba kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani kazini, kwa hiyo aibu si yake. Akampa karatasi na kalamu: andika saa, mahali, nani aliona, maneno gani yalisemwa. Nakala moja kwa muuguzi mfawidhi, nyingine ubaki nayo. Halafu akamuuliza kama alichukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Chumba kizima tukatazamana. Kila majeruhi akija tunamuuliza fomu hiyo, lakini akipigwa mmoja wetu hatuikumbuki!

Mchango ni shilingi 2,000, unapata chai na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, yenye pilipili. Sina neno hapo.

Saa ndiyo shida. Kuanza saa nne asubuhi kunamtesa aliyetoka zamu ya usiku. Anafika anasinzia, au hafiki kabisa, na huyo ndiye anayekihitaji kuliko wote. Kingesogezwa hadi saa kumi jioni. Dirisha nalo linaangalia barabarani, anayepita anasikia. Pazia zito lingesaidia kidogo, chumba cha nyuma kingefaa zaidi.

Wanapokea wauguzi, wahudumu wa wodi na wanafunzi walio kwenye mazoezi. Walinzi bado. Nimemwomba Mama awaite nao, kwa sababu ndugu wakija na hasira mlinzi ndiye anayekutana nao wa kwanza, mara nyingi yuko peke yake, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuzungumza na mtu aliyefiwa.