Vitabu vya michoro vya kuelewea mambo mazito: kipi ukitangulize ukiwa Malindi

Maduka ya vitabu ya hapa Malindi yanaishi kwa vitabu vya shule. Ukiingia ukaulizia kitabu cha picha kinachoeleza umeme, uchumi au vinasaba, muuzaji atakuuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Mwambie ni chako. Vitabu vya aina hii vimetungiwa watu wazima ambao somo liliwapita na sasa wanalitaka bila kurudi darasani: fundi anayefunga sola na hajui kwa nini waya mwembamba unapata moto, mama anayetaka kuelewa daktari alimaanisha nini, kijana aliyechoka kusikia mfumuko wa bei redioni kila asubuhi.

Nimevipanga kwa jinsi ambavyo ningevinunua mimi, pesa ikipatikana ya kimoja kimoja. Kipimo changu hakihitaji utaalamu. Fungua kitabu katikati, ziba maandishi kwa kiganja, utazame mchoro peke yake. Ukiambulia hata nusu ya jambo, mchoro huo unafanya kazi. Ukimwona tu mzee wa ndevu amesimama kando ya meza, hilo ni pambo, na pambo nalo limo kwenye bei.

Cha kwanza hakina mshindani, nacho kipo kwa Kiswahili: Mahali Pasipo na Daktari. David Werner alikiandika kwanza kwa Kihispania, kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya magharibi mwa Mexico, kikatoka mwaka 1973. Tangu hapo kimetafsiriwa kwa makumi ya lugha. Wapo watakaosema hiki ni kitabu cha afya ya kijijini, hakifai kuwekwa safu moja na vya fizikia na falsafa. Mimi naona udaktari ni somo zito kuliko mengi yanayojivunia uzito, na hapa limeshushwa likamfikia aliyeishia darasa la nane. Tazama mahali kinapoeleza mtoto aliyeishiwa maji mwilini kwa kuharisha. Umechorwa uso: macho yaliyoingia ndani, utosi uliobonyea, mdomo mkavu. Kisha vidole viwili vinaivuta ngozi ya tumbo na kuiachia, na ngozi inabaki imesimama badala ya kurudi. Ziba maandishi yote, bibi asiyejua kusoma atakwambia huyo mtoto apelekwe hospitali.

Lakini angalia mwaka wa chapa. Matoleo yake ya zamani yanazunguka sana kwenye mitumba, na sehemu ya dawa huzeeka haraka kuliko sehemu ya michoro. Kenya iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, ikaja dawa ya SP, kisha sera ya 2004 ikaleta dawa mseto, ile AL tunayopewa zahanati hadi leo. Kitabu kinachokuelekeza klorokwini kwa homa ya malaria kisomee dalili, usafi na huduma ya kwanza. Vipimo vya dawa uliza zahanati. Na wazazi wajue mapema kwamba kina michoro ya uzazi na sehemu za siri, imechorwa kwa heshima lakini haijafichwa. Kipitie kwanza kabla hujakiacha mezani.

Baada ya hapo vyote ni vya Kiingereza, na ndiyo sababu vinafuata nyuma. Kitabu kinachosomwa na mtu mmoja nyumbani si sawa na kinachosomwa na nyumba nzima.

Nafasi ya pili nampa David Macaulay na The Way Things Work, kilichotoka mwaka 1988 na kufanyiwa marekebisho hadi toleo la 2016 linaloitwa The Way Things Work Now. Kinaeleza mashine, kuanzia kabari na nyenzo hadi kompyuta, na ndani yake wamejaa mamothi, wale ndovu wa kale wenye manyoya, wakisukumwa, wakipimwa, wakinyanyuliwa. Kwa kipimo cha kiganja hiki ndicho kinachoshinda vyote. Kurasa za kapi mwonyeshe baharia yeyote hapo ufukweni: atakutajia gofia na jarari kabla hujasoma neno, kwa sababu tanga la foromali halipandi bila hizo. Anachokiongezea kitabu ni hesabu aliyokuwa akiifanya kwa mikono: mzigo ukibebwa na kamba nne, unavuta kwa robo ya nguvu, ukiacha kando msuguano, ila unavuta kamba ndefu mara nne. Ukikuta toleo la zamani kwa bei nzuri, chukua. Nyenzo haijabadilika. Sura za kompyuta ndizo zimechakaa.

Tatu, manga za Kijapani za masomo, yaani vitabu vya katuni, zile zilizoanzia kwa wachapishaji Ohmsha wa Japani na kutolewa kwa Kiingereza na No Starch Press ya San Francisco. Zipo za takwimu, umeme, hisabati za juu, hifadhidata. Kila moja ni hadithi: kuna mwanafunzi asiyeelewa, kuna anayemfundisha, na katikati ya sura katuni inasimama, zinakuja kurasa chache za maelezo ya kawaida na hesabu. Watu wazima wengine huona haya kushika kitabu chenye msichana wa macho makubwa jaladani. Shauri yao. Kwa fundi wa sola, kile cha umeme ndicho cha kununua, mradi ukumbuke kwamba kimeandikiwa nchi ambayo umeme wa nyumbani ni volti 100, na wetu ni 240. Birika la wati 1200 kule linavuta ampea 12. Hapa birika la wati hizohizo linavuta ampea 5. Kanuni ni ileile, wati ugawanye kwa volti. Sasa igeuzie kwenye betri ya volti 12: wati 120 tu zinavuta ampea 10, na ampea ndizo zinazopasha waya moto. Hapo fundi ameshapata jibu la kwa nini waya uliobaki kwenye kazi ya taa za stima haumfai kwenye betri.

Nne ni Larry Gonick na vitabu vyake vya The Cartoon Guide, na hapa roho inaniuma, kwa sababu kwa mapenzi yangu ningempandisha. Ni Mmarekani aliyesomea hisabati Harvard, anachora mwenyewe, na kwa masomo mengi hushirikiana na mwenye ujuzi wake: vinasaba na Mark Wheelis, takwimu na Woollcott Smith, kemia na Craig Criddle. Kwa hiyo mchoro na maelezo vimetoka jiko moja, na unaliona hilo: katuni ndiyo inayokokotoa. Kinachomshusha ni lugha. Maandishi ni ya mkono, herufi kubwa tupu, na mizaha ni ya Kimarekani. Msomaji ambaye Kiingereza chake ni cha gazeti na barua za ofisini atatumia nusu ya nguvu kutafuta kicheko kiko wapi. Kama ulisoma sayansi hadi kidato cha nne na Kiingereza hakikusumbui, mruke Mjapani uanze na huyu.

Tano, vile vidogo vya Introducing vya Icon Books wa Uingereza, rangi nyeusi na nyeupe, vinavyoingia mfuko wa koti. Asili yake ni mchora katuni wa Mexico, Rius, aliyemweleza Marx kwa vibonzo. Kitabu hicho kilipotoka London kwa Kiingereza mwaka 1976 kikazaa msururu wa “for Beginners”, na sehemu ya msururu huo ndiyo iliyokuja kuitwa Introducing. Kuna mtego hapo. Kitabu cha Freud cha Appignanesi na Zarate kiliwahi kuuzwa kama Freud for Beginners, kikauzwa tena kama Introducing Freud, na matoleo mengine yakabandikwa maneno “A Graphic Guide”. Ni kitabu kilekile. Usione majalada tofauti ukafikiri unaongeza maktaba. Kuhusu ubora, havilingani. Kile cha Einstein kinafundisha kweli. Vingi vya falsafa vinashindwa na kiganja: aya imewekwa ndani ya puto, puto limewekwa mdomoni mwa mwanafalsafa, basi imeitwa katuni. Ila kwa mwanafunzi wa chuo anayetaka kujua nani alisema nini kabla ya mtihani, na mfuko hauruhusu zaidi, vinatosha.

Mwisho nimeviweka vile ambavyo watu wengi huvikimbilia kwanza, yale majitabu ya rangi ya kampuni ya DK: The Philosophy Book, The Economics Book na ndugu zao. Yanapendeza sebuleni. Tatizo ni kwamba karibu kila wazo hupewa kurasa zake chache, kubwa kwa dogo, na michoro mingi ni mishale na visanduku vinavyorudia kilichoandikwa pembeni. Unatoka ukijua majina mengi na hoja chache. Halafu kuna hewa yetu. Karatasi ya kung'aa ikilowa hushikana, na ukiitenganisha inachunika na wino wake. Kitabu kilichowekwa karibu na dirisha linaloingiza mvua za kusi hakichelewi kufika huko. Kama nyumba ina vijana kadhaa wa sekondari wa kupekua wakitafuta mada ya mjadala, yapandishe majitabu haya hadi nafasi ya pili. Kwa msomaji mmoja, subiri.

Vile vyembamba vya Ladybird Expert, vilivyoanza mwaka 2017, ukurasa wa maandishi ukitazamana na ukurasa wa picha ya rangi, ni zawadi nzuri. Picha zake ni nzuri kuliko zilivyo na kazi.

Sasa mitumba, maana hapa Malindi tuna bahati ambayo Nairobi hawana: vitabu wanavyoviacha Waitaliano. Wenzetu wengi wa hotelini na ufukweni wanakisema Kiitaliano vizuri kuliko Kiingereza, lakini mkono wao unakwenda kwenye rafu ya Kiingereza kwa mazoea. Ensaiklopidia ya picha ya Kiitaliano hukaa muda mrefu bila mnunuzi, kwa hiyo muuzaji hashiki bei. Kabla ya kulipa, pima umri wake. Kikihesabu sayari tisa, kimeandikwa kabla ya Agosti 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha. Ramani ya Afrika isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya Julai 2011. Na kama ni kitabu cha anga cha baada ya miaka ya sabini, tafuta neno Uhuru kwenye faharasa: setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, pale Ngomeni, ikapewa jina hilo kwa sababu ya sikukuu yetu. Kitabu kinachozungumzia eksirei za angani na kisiitaje mimi hukirudisha kwenye rafu. Naona sina haja ya kujitetea.

Kusoma kwenye simu kunafaa kwa Gonick na manga, kwa kuwa unaweza kukuza kibonzo kimoja kimoja. DK kwenye simu ni mateso: ukurasa umepangwa wa kutazamwa mzima, ukikuza unapoteza mshale unakotoka.

Kwa vipya, wengi wetu tunaagiza Mombasa au Nairobi, tunalipa kwa M-Pesa, kifurushi kinakuja na basi. Mombasa ni kilomita 120 hivi, nauli ya kifurushi si tatizo. Tatizo ni nakala za fotokopi zinazouzwa kama vitabu. Kwenye kitabu cha maandishi matupu utavumilia. Kwenye cha michoro umenunua ukungu: mistari myembamba imepotea, rangi zote zimekuwa kijivu, na maelezo yanayosema “sehemu nyekundu” hayana maana tena. Kabla ya kutuma pesa, omba picha mbili kwa WhatsApp, ukurasa wenye mwaka wa chapa na kurasa mbili za katikati zikiwa wazi. Zikifika, kuza mchoro hadi uone kama mistari bado imesimama. Muuzaji asiyetaka kupiga hizo picha, mwache na kitabu chake.