Riwaya na ajira Moshi: uandike alfajiri au usiku?

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, alifundisha chuo kikuu miaka mingi. Kwa hiyo swali la kuacha kazi naliweka kando. Mshahara ndio unaolipa kodi ya nyumba. Swali langu ni saa.

Nimejaribu zote mbili hapa Moshi. Alfajiri, saa kumi na moja, nyumba imelala na kichwa hakijajazwa ankara wala simu za bosi. Kukipambazuka, mara nyingi kilele cha Kibo kiko wazi, mawingu hayajakifunika, na kuna sura nzima ya riwaya yangu iliyozaliwa kwa kuutazama mlima tu. Ubaya ni kwamba mhusika anapoanza kusema ukweli, ndipo unapotakiwa kukimbilia daladala.

Usiku hauna haraka. Tena unakuja na mavuno ya mchana: mama wa ndizi soko la Mbuyuni akimgombeza mteja nusu Kichaga nusu Kiswahili, au mzee kwenye foleni ya benki akisimulia kahawa ya enzi zao. Mazungumzo yangu mazuri yote niliyaandika usiku, sauti zikiwa bado masikioni. Lakini macho! Mara ngapi nimelalia daftari? Na umeme ukikatika, basi tena.

Sasa usiku nanukuu mistari kumi tu, kuandika ni alfajiri. Jumapili sigusi kitu. Kuna misa, na kuna mtori.