Karo Haipo, Mkataba Upo: Miaka Minne ya Mzazi katika Shule ya Wavulana Isiyotoza Karo

Mwanangu wa kwanza alimaliza darasa la nane mwezi Juni 2025 katika shule ya binafsi ya wavulana, ya ngazi ya kati, ambayo haimtozi mzazi yeyote karo, hapa jimboni Massachusetts, Marekani. Jina la shule nitalihifadhi, kwa kuwa ni shule ndogo ambayo kila mtu humjua mwenzake, na kwa kuwa yapo mambo ambayo sikuyapenda. Ninaandika kwa ajili ya Wakenya wenzangu na majirani zetu Wakongo ambao kila Jumapili, mara tu ibada inapokwisha, huniuliza swali lile lile: ni kweli hamlipi kitu? Karo hatukulipa. Tulilipa dola 200 kwa mwaka za vitabu na safari za masomo, tukanunua sare, na yaliyobaki tuliyalipa kwa saa, usingizi na nidhamu ya nyumba nzima. Malipo hayo ya pili ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa kirefu, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Neno "bure" nililijua tangu utotoni. Nilikuwa darasa la saba mkoani Rift Valley mwezi Januari 2003, serikali mpya ya Rais Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja wakamiminika madarasani nchini kote ndani ya mwaka mmoja. Dawati letu la watu watatu likakaliwa na watano. Kwa hiyo jirani yangu aliponiambia kuhusu shule ya binafsi ya bure yenye wavulana wasiozidi ishirini katika darasa, nilidhani ama amesikia vibaya ama kuna dini mpya inayotafuta waumini.

Kumbe mtindo huo una historia. Ulianzishwa na Wajesuti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, mwaka 1971 katika mtaa wa Lower East Side, New York, walipofungua shule ndogo kwa ajili ya wana wa wahamiaji wenye kipato cha chini, wengi wao wakiwa na asili ya Puerto Rico. Shule nyingine zikafuata mfano huo katika miji mingi ya Marekani, nyingine za Wakatoliki, nyingine za Waanglikana wa huku, na baadhi hazina dhehebu. Hoja yao ni kwamba miaka ya darasa la tano hadi la nane ndiyo ambayo mvulana wa mtaa wenye shida huponyoka, na kwamba akishikwa hapo kwa siku ndefu za masomo, madarasa madogo na kambi ya kiangazi, ataweza kuingia sekondari nzuri. Karibu gharama yote hubebwa na michango ya watu, wakfu na makampuni. Mjomba wangu aliyesoma Starehe, Nairobi, hakushangaa hata kidogo niliposimulia. Alisema ni mawazo ya Geoffrey Griffin, mwasisi wa shule hiyo iliyosomesha wavulana maskini bure, ila bila bweni.

Kuingia kwenyewe kulichukua muda wa karibu miezi sita. Tulipeleka fomu za kodi ya mapato ili kuthibitisha kwamba kipato chetu hakizidi kiwango chao, ripoti za shule ya umma aliyokuwa akisoma, na barua ya mwalimu wake. Kisha walimu wawili wakaja nyumbani. Nilipika chapati na maharagwe ya nazi, nikatandika kitambaa kipya mezani, nikajiandaa kuulizwa alama za hesabu. Hawakuuliza alama. Waliuliza mtoto analala saa ngapi, anafanyia wapi kazi ya shule, nani humwamsha asubuhi, na ni nani atakayekuwa nyumbani ikiwa mimi nipo kazini. Nilikuwa, na bado ni, mhudumu wa wagonjwa katika makao ya wazee, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Baba yao yuko Kenya. Swali la mwisho nililijibu kwa haraka kuliko yote, nami nitalirudia.

Mkataba wa familia ulikuwa na kurasa nne. Tulitia saini watu watatu: mwalimu mkuu, mtoto na mzazi. Mzazi aliahidi kumfikisha mtoto kabla ya saa moja na nusu asubuhi kila siku, kuhudhuria mikutano yote ya wazazi, kujitolea saa 20 kwa mwaka kwa kazi za shule, kuzima televisheni na michezo ya kompyuta kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kutia saini shajara ya masomo kila usiku baada ya kuipitia, kutompeleka mtoto safari wakati wa masomo, na kumruhusu aende kambi ya kiangazi ya wiki nne kila mwaka. Hilo la safari lina uzito kwetu kuliko wanavyodhani. Mama yangu alipougua mwaka 2023, nilisafiri peke yangu, kwa kuwa siku kumi za mtoto kukosa darasa zingehitaji barua, kikao, na pengine uamuzi ambao sikutaka kuujaribu.

Chini ya ukurasa wa nne palikuwa na nafasi ya kuandika jina la mtu mzima mwingine anayebeba dhamana pamoja na mzazi. Niliandika jina la dada yangu mdogo papo hapo, pamoja na nambari yake ya simu, bila kumpigia.

Siku ya masomo ilianza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni, ikiwamo michezo na saa nzima ya kufanya kazi za shule chini ya uangalizi wa mwalimu. Madarasa ya juu walibaki hadi saa kumi na mbili na nusu kwa siku tatu za wiki. Simu ziliingia sandukuni mlangoni asubuhi na kutolewa jioni. Wavulana walifagia madarasa yao wenyewe, walipanga viti vya chakula cha mchana, na kila mgeni aliyeingia darasani alipokewa na mvulana mmoja aliyesimama, akampa mkono, akajitambulisha kwa jina na kueleza somo linaloendelea. Mwanangu, ambaye hapo awali alijificha nyuma ya mlango wageni wakifika kwetu, alianza kuwaamkia wazee wa kanisa kwa sauti inayosikika. Kwa mama wa Kiafrika hilo pekee lingetosha kuipa shule alama ya juu, ijapokuwa najua kwamba hatuwapeleki watoto shule ili wajifunze kusema shikamoo.

Masomo yalikuwa mazito na mazuri. Aliingia akiwa nyuma ya darasa lake katika hesabu kwa karibu mwaka mzima, na kufikia darasa la saba alikuwa akifanya aljebra. Alichokikosa ni maabara ya maana, kwa sababu sayansi ilifundishwa katika chumba chenye beseni moja, na ala za muziki zilikuwa za kuazima. Anayetaka uwanja mkubwa wa mpira na bwawa la kuogelea aangalie kwingine.

Jambo moja lilinigusa. Mkataba ulidai dakika 30 za kusoma kila usiku, mzazi akiwa karibu. Kiingereza changu cha vitabu vya watoto wa hapa si kizuri. Nilisoma naye, naye akawa ananisahihisha, hadi ikawa kero kwetu sote. Nilimwandikia mwalimu wa darasa kuuliza kama tunaweza kusoma Kiswahili nusu ya muda huo. Alijibu siku hiyo hiyo kwamba lugha yoyote inafaa mradi mtoto aeleze asubuhi alichokisoma. Tangu siku hiyo, saa mbili usiku, kabla sijavaa sare yangu ya kazini, tulisoma hadithi za sungura na fisi, kisha methali, kisha magazeti ya nyumbani kwenye simu yangu. Kijana huyo leo anaandika Kiswahili vizuri kuliko binamu zake walioko Nairobi. Hili shule haikulipanga, lakini lilitoka ndani ya mkataba wao.

Sasa nifike kwenye dhamana niliyoiandika kwa jina la mtu. Mwezi Februari wa mwaka wa kwanza, theluji ilianguka usiku kucha na mwenzangu wa zamu ya asubuhi akachelewa kufika kazini, nami siruhusiwi kuwaacha wazee bila mtu. Nilitoka saa mbili. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo letu, amevaa tai na koti, akingoja tangu saa moja. Shule ilikuwa imenipigia simu mara tatu, kisha ikampigia dada yangu, ambaye kwa mara ya kwanza alisikia kwamba yeye ni mdhamini wa mtu. Tuliitwa kikaoni sote wawili. Ilikuwa mara ya tano kuchelewa katika muhula huo, na mkataba ulisema mara tano ni kikao. Dada yangu alikaa kimya mbele ya mwalimu mkuu kwa heshima, lakini ndani ya gari alinieleza yote, na yote yalikuwa haki.

Lawama yangu kwa shule ni kwamba walijua tangu siku ya kwanza ninafanya kazi usiku, na bado mikutano ya wazazi iliwekwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mtu wa zamu ya usiku ndipo anapata usingizi wake wa mwisho. Aidha, karatasi zao zilitafsiriwa kwa Kihispania peke yake. Mzazi mwenzangu kutoka Bukavu, anayezungumza Kiswahili na Kifaransa, alitia saini kurasa zote nne bila kuelewa habari ya saa 20 za kujitolea. Nililisema mkutanoni. Mwaka uliofuata waliongeza mkutano wa Jumamosi asubuhi, na mimi nikatafsiri mkataba kwa Kiswahili, kazi iliyohesabiwa kuwa saa sita kati ya zile 20. Nilijaribu kudai nane.

Jambo la pili linahusu wafadhili. Shule isiyotoza karo lazima ichangishe karibu bajeti yake yote kila mwaka upya, na sisi tuliolelewa na harambee tunalielewa hilo bila kufundishwa. Watoto waliandika barua za shukrani kwa mkono. Vizuri, shukrani ni adabu. Wageni walipitishwa madarasani, sawa. Katika darasa la saba mwanangu alichaguliwa kuhutubia chakula cha jioni cha kuchangisha fedha, mbele ya watu mamia katika hoteli. Siku tatu kabla, aliniletea hotuba ambayo mfanyakazi wa ofisi alimsaidia kuiandaa. Ndani yake familia yetu ilikuwa imekimbia umaskini wa Afrika, na mama alikuwa hajui kama mwanawe angeweza kusoma. Mimi nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikiwa na stashahada ya ualimu na mizigo miwili. Baba yangu alikuwa karani wa posta.

Sikupiga simu, nilikwenda mwenyewe, nikiwa bado na sare ya kazini. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto wangu atasema asante kwa sauti kubwa kadiri wanavyotaka, lakini hatasimama mbele ya watu kuwadhalilisha wazazi wake ili watu wale watoe hundi. Nakiri alinisikiliza bila kujitetea. Hotuba iliandikwa upya na mwanangu peke yake. Alizungumza kuhusu aljebra, na kuhusu kusoma habari za fisi na mama yake saa mbili usiku, na watu walicheka mahali alipotaka wacheke. Ninawashauri wazazi: mwombeni mtoto awasomee kila hotuba na kila maelezo ya picha kabla hayajatoka. Mkataba wetu ulikuwa na ibara ya ruhusa ya picha, ambayo niliitia saini bila kuisoma vizuri, kosa langu la pili baada ya lile la dada.

Mtu asidhani kwamba kila anayeingia anamaliza. Darasa la mwanangu lilianza na wavulana 17, likamaliza na 12. Wawili walihama mji, mmoja alishindwa na masomo kwa sababu alihitaji mtaalamu ambaye shule haikuwa naye, na wengine wawili waliondoka kwa sababu ya familia kutotimiza mkataba, kama walivyotuambia wenyewe. Walimu nao hupita. Wengi ni vijana waliotoka chuo kikuu, wanaojitolea mwaka mmoja au miwili kwa posho ndogo. Wana ari ya ajabu, na mtoto anapomzoea mmoja, huyo huwa tayari anafunga mizigo.

Lakini mwaka wa nane ndio ulionifanya nisahau mengi. Kuanzia Septemba walikuwa wakiwaandaa wavulana kwa SSAT, mtihani wa kuombea nafasi sekondari za binafsi, wakawafundisha kujibu mahojiano, na mwalimu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu akakaa nami jioni mbili kujaza fomu za msaada wa karo. Mwanangu aliomba nafasi shule tano, akapata tatu, na leo yuko sekondari ya binafsi ambayo kwa mwaka inatoza fedha zinazozidi mshahara wangu, nasi tunalipa sehemu ndogo sana. Yule mwalimu bado humpigia kila mwezi. Kuwafuatilia wahitimu hadi chuo ni sehemu ya mpango wao, na hadi sasa wameitimiza.

Mdogo wake yuko darasa la nne, na mwezi Januari nilijaza fomu yake. Mara hii ulikuwapo mkataba wa Kiswahili, ule ule nilioutafsiri, nao una makosa mawili ya tahajia ambayo sikuyaona wakati ule. Nilipofika chini ya ukurasa wa nne, niliweka kalamu, nikampigia dada yangu. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza saa za kuripoti asubuhi, akataka nimsomee ibara ya kuchelewa, na akaniambia nimpe hadi Jumapili afikirie.