Kiko cha maji cha kioo kwa mvuke: nilichonunua Toronto na nilivyokichagua

Kina urefu wa sentimita 18, kitako kipana kama sahani ya kikombe, na mdomo wa kuchomekea wa milimita 14 uliosimama wima. Nilikilipia dola 85 za Kanada katika duka dogo Toronto, na tangu majira ya baridi yaanze ndicho ninachotumia na Arizer Solo 2 yangu, vepolaiza ya betri ninayovutia mvuke wa bangi. Ningekinunua tena leo. Duka lilikuwa na vioo vikubwa zaidi, vyenye rangi na michoro, na karibu vyote vimetengenezwa kwa ajili ya moshi. Mtu wa mvuke anahitaji kitu kingine.

Kwanza, sheria. Kanada bangi ni halali kwa watu wazima tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na hapa Ontario umri ni miaka 19. Kenya na Tanzania bado ni kosa la jinai, kwa hiyo haya nawaandikia ndugu tulio nao huku, ambao wananiuliza mara kwa mara kwa kuwa mimi ni fundi wa maabara ya kemia na vioo ndivyo ninavyoshika kutwa.

Sababu ya kutaka maji ni koo. Vepolaiza haichomi kitu: inapasha majani joto hadi yatoe mvuke bila kushika moto, na Solo 2 unaipanga mwenyewe kati ya nyuzi 50 na 220 za Selsiasi. Mvuke ule ni mkavu na wa moto. Ukichanganya na hewa ya nyumba za huku wakati wa baridi, hita imewaka usiku kucha, midomo imepasuka, unakohoa kila ukivuta. Maji yanaupoza na kuutia unyevu. Hiyo ndiyo kazi yake. Kaka mmoja wa Mombasa tunayekaa naye jengo moja aliniambia, "Dada, maji si yanachuja sumu yote?" Nikamjibu hapana, kaka. Maji hayamfanyi mtu awe salama. Tena THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno, ndiyo maana hukosi kitu kwa kuupitisha mvuke humo.

Unachoweza kukosa kinabaki kwenye kuta. Mvuke wa vepolaiza ni mwepesi kuliko moshi, na ukigusa kioo baridi unaganda na kuwa utando wa manjano. Sasa fikiria bomba la nusu mita lenye vyumba vitatu vya mapovu: unavuta, unavuta, na nusu ya ulichokipasha imebaki humo ndani, na iliyokufikia imeshapoteza ladha. Kwa mvuke chukua kioo kidogo, chumba kimoja, njia fupi. Hiki changu kina bomba moja la ndani lenye matundu madogo chini, basi. Natia maji yafunike matundu kwa sentimita moja hivi. Yakizidi hapo kifua kinafanya kazi bure, na maji yanaruka hadi mdomoni.

Sasa mdomo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopotezea pesa. Saizi zilizo madukani ni 10, 14 na 18. Si namba za kubuniwa na wauza viko. Zimetoka moja kwa moja maabara, kwenye viungo vya kioo kilichosuguliwa ambavyo tunaunganishia chupa na mabomba. Kinachoitwa 14 ni milimita 14.5 kwenye upande mpana, kinachoitwa 18 ni 18.8, na mteremko wake ni mmoja kwa kumi: kila milimita kumi za urefu, kipenyo kinapungua milimita moja. Vyote viwili vikifuata kipimo hicho, dume (ncha inayoingia) la kiwanda kimoja litakaa kwenye jike (mdomo unaolipokea) la kiwanda kingine bila kuvujisha hewa. Visipofuata, utaona kiungo kinacheza.

Kwa hiyo nilikwenda dukani na bomba langu la Solo mfukoni, limefungwa kwenye kitambaa. Arizer, ambao ni kampuni ya Waterloo, saa moja na kidogo kutoka hapa kwa gari, wanauza bomba la kioo lenye ncha iliyosuguliwa ya milimita 14 kwa ajili ya viko vya maji. Unalichomeka kwenye kifaa, kisha unakigeuza kifaa kichwa chini na kukikalisha juu ya kiko. Nilijaribu vioo vinne. Unachomeka taratibu, unashika kwa vidole viwili, unatikisa kushoto na kulia. Likicheza juu, au likicheza chini, mteremko si sahihi na hewa itapita pembeni. Kimoja cha dola 160, kizuri sana, kilicheza waziwazi. Hiki changu kilitulia kimya.

Mdomo kusimama wima nao ni lazima kwa kifaa kama Solo, kwa kuwa uzito wote wa betri unakaa juu ya kiungo. Mdomo ulioinama nyuzi 45 unaubeba uzito huo kwa ubavu, na pale kioo kilipounganishwa ndipo patakapopasuka siku moja. Angalia pia kama kuna kipande cha kioo kinachoshikilia mdomo na mwili wa kiko. Changu kinacho.

Kuhusu kioo chenyewe, kila duka litakuambia ni borosilikati. Ni kioo kizuri kweli: kikipata joto kinatanuka kama theluthi moja tu ya kioo cha kawaida cha dirisha. Lakini kioo kizuri kikipoozwa vibaya baada ya kuunganishwa kinabaki na mvutano ndani yake. Fundi anatakiwa akirudishe kwenye tanuri la karibu nyuzi 560 na kukipoza polepole. Kuna njia ya kuona kama alifanya hivyo. Weka kiko mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta, kitazame ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaroidi, na uizungushe miwani hadi skrini iwe nyeusi. Mahali penye mvutano patang'aa, wakati mwingine kwa rangi, hasa kwenye maungio. Muuzaji, kijana mpole, alinipa kompyuta yake ya kaunta na akaomba nimwachie naye aangalie. Changu kilionyesha weupe hafifu chini ya mdomo, si wa kutisha. Na usidanganywe na unene: kioo kinene kinavumilia kugongwa, lakini kwa maji ya moto ya ghafla kinapasuka upesi kuliko chembamba.

Kasoro ninayo moja kubwa. Shingo ni nyembamba mno, brashi haifiki kwenye matundu, kwa hiyo usafi wote ni wa kutikisa. Natumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kutoka duka la dawa na chumvi ya mawe, naziba midomo yote miwili, natikisa, nasuuza kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, naacha kikauke kabisa. Dirisha wazi, moto mbali. Maji ya kuvutia nabadilisha kila siku. Yakilala yanaota utelezi, na hakuna sababu ya kuvutia mapafuni hewa iliyopita hapo.

Nyota nne kati ya tano. Kama unatumia Mighty, vepolaiza nyingine ya betri, utahitaji adapta ya 14 au 18 ichukue nafasi ya mdomo wake wa kuvutia, na uitafute kabla ya kununua kioo. Mwenye DynaVap, vepolaiza ndogo nyembamba, aache hiki dukani: mwili wake unaingia wenyewe kwenye mdomo wa 10 bila adapta yoyote, na kwa chombo chepesi vile hata mdomo ulioinama unatosha.